Damu Inayovunjika Kabla ya Siku Zake



Katika visiwa vya Lamu, tangu zamani, mtu akionekana amepauka, viganja vyake vimekuwa vyeupe, na pumzi zikimwenda mbio apandapo ngazi, watu husema, "Ana safura." Neno hilo ni la kale, nalo lina heshima yake, kwa kuwa liliwawezesha wazee kuutambua ugonjwa kabla ya kuwapo hospitali. Walakini neno moja likitwikwa mizigo mingi mno huficha mambo badala ya kuyaonyesha. Safura moja hutokana na minyoo inyonyayo damu tumboni. Nyingine hutokana na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Na nyingine, ambayo ndiyo habari ya leo, hutokana na damu yenyewe kuvunjika mwilini kabla ya siku zake kutimia. Dalili za nje hufanana, lakini dawa hazifanani. Ampaye mgonjwa wa tatu dawa ya mgonjwa wa kwanza hupoteza fedha, tena hupoteza siku; na kwa mtoto mdogo siku ni uhai.

Shabaha ya maneno haya ni moja: kila mzazi ajue kwamba damu inayovunjika ina alama zake, kwamba alama hizo zaweza kupimwa, na kwamba ana haki ya kuuliza, "Damu ya mwanangu imepungua kwa sababu gani?" asiridhike na kuambiwa tu kwamba imepungua.

VYOMBO NA BANDARI

Mtu akitazama tone la damu kwa macho huona maji mekundu. Akilitazama kwa hadubini huona kwamba wekundu ule ni wa chembe ndogo ndogo, za mviringo, zilizobonyea katikati. Katika kitone kisichozidi milimita moja kila upande zimo chembe hizo milioni 4 hadi 5. Ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kupokea hewa safi mapafuni na kuipeleka mahali pote mwilini.

Watu wa Lamu hawana haja ya kutafutiwa mfano wa mbali. Chembe nyekundu ni kama mashua zichukuazo shehena. Mashua hizo huundwa ndani ya uboho wa mifupa, kama vile mafundi wa Matondoni waundavyo vyombo vyao ufuoni. Chembe ikiisha kuundwa husafiri katika mishipa muda wa siku 120 hivi, kisha huchakaa. Zile zilizochakaa hupokewa na wengu na ini, huvunjwa taratibu, na madini yao ya chuma hurudishwa kazini, kama fundi ang'oavyo misumari mizuri katika chombo kikuukuu ili aitumie tena. Kila sekunde mwili wa mtu mzima huunda chembe zaidi ya milioni 2, na kiasi kama hicho huvunjwa. Maadamu kuunda na kuvunja ni sawasawa, mtu huwa na afya.

Basi bandari yaweza kupungukiwa na vyombo kwa njia tatu. Njia ya kwanza, mafundi hawana mbao wala misumari. Hii ndiyo hali ya mtu aliyekosa madini ya chuma au vitamini za chakula. Njia ya pili, vyombo vimetoka bandarini visirudi. Hii ni damu imwagikayo kwa jeraha, kwa uzazi, au kwa minyoo. Njia ya tatu, vyombo vinaundwa, tena kwa bidii kubwa, lakini vinavunjika safarini kabla ya wakati. Kuvunjika huku madaktari hukuita hemolisisi, na ndiko kutakakoelezwa hapa: kwanza ni nani avunjaye, kisha jinsi ya kumtambua.

ADUI AINGIAYE NDANI YA CHEMBE

Mvunjaji anayejulikana zaidi katika Pwani ni malaria. Mbu akiisha kumwuma mtu, vidudu vya malaria hukaa kwanza katika ini, kisha huingia ndani ya chembe nyekundu, hula hemoglobini iliyomo, huzaana, na mwisho huipasua chembe na kutoka kutafuta nyingine. Tena mwili, katika kupigana na adui huyo, huvunja hata chembe nyingi zisizokuwa na kidudu. Ndiyo sababu mtoto aliyeugua malaria kali aweza kupungukiwa na damu upesi mno, hata akahitaji kuongezwa ya mtu mwingine.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Mgonjwa wa malaria kali hudungwa sindano ya artesuneti, dawa iliyookoa maisha ya watu wengi. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, baada ya wiki moja hadi tatu, wakati vidudu vimekwisha kufa na mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani, chembe zilizopona huvunjika kwa wingi. Dawa hiyo haifai kukataliwa kwa ajili ya jambo hili. Lililo muhimu ni mgonjwa kurudi kupimwa damu. Akionekana anapauka tena, au mkojo wake ukiwa mweusi kama chai ya rangi, arudi hospitali siku ile ile.

KASORO YA URITHI: SELIMUNDU

Mvunjaji wa pili haingii kutoka nje. Mtoto huzaliwa naye. Mwaka 1910, huko Chicago katika Marekani, daktari James Herrick aliandika habari za kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilikuwa zimepinda kama mundu. Ndipo ugonjwa huo ukapata jina ambalo kwa Kiswahili ni selimundu, na wengine huuita sikoseli. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika hemoglobini yenyewe. Hemoglobini hiyo ikiisha kutua mzigo wake wa hewa hushikamana na kuwa migumu kama vijiti, na chembe hupinda. Chembe iliyopinda hukwama katika mishipa myembamba na kuleta maumivu makali, tena haidumu. Badala ya siku 120 huishi siku 10 hadi 20 tu.

Mwaka huo huo wa 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Kenya, alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Karibu na Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba asili ya selimundu. Katika nyanda za juu na nchi kavu walikuwa wachache zaidi. Alijiuliza kwa nini kasoro iuayo watoto isitoweke mahali pale ambapo ni nyingi. Mwaka 1954 alitangaza jibu lake: mtu aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Utafiti uliofanywa baadaye huko Kilifi ulithibitisha neno hilo, ukaonyesha kwamba kinga hiyo huondoa karibu sehemu 9 katika 10 za hatari ya malaria kali. Kwa hiyo selimundu si laana, wala si uchawi, wala si aibu ya ukoo fulani. Ni alama iliyoachwa na malaria katika damu ya watu walioishi nayo vizazi vingi.

Lakini hapa lazima kutenganisha watu wawili ambao husemwa kana kwamba ni mmoja. Aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja ni mchukuzi. Ana afya yake, naye hukingwa. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama ni mgonjwa wa selimundu. Huyo hana kinga ya kutegemea, bali malaria ikimpata yaweza kumwua upesi kuliko mtoto mwingine. Alale ndani ya chandarua kila usiku, na ameze dawa za kuzuia malaria kama atakavyoagizwa.

Ugonjwa huu hauonekani siku ya kuzaliwa, kwa kuwa mtoto mchanga bado ana hemoglobini ya tumboni mwa mamaye, ambayo haipindi. Kuanzia miezi 6 hivi hemoglobini ile hupungua, ndipo dalili huanza. Mara nyingi ya kwanza ni kuvimba kwa vidole vya mikono na miguu pamoja na kilio kisichonyamazishika. Wengi hudhani mtoto ameumwa na mdudu au ametupiwa jicho.

KASORO YA KINGA: G6PD

Kasoro nyingine ya urithi hujulikana kwa herufi G6PD. Hizo ni herufi za kimeng'enya, yaani kichocheo kilichomo ndani ya chembe, ambacho huilinda isiunguzwe na sumu fulani, kama vile mafundi wapakavyo chombo sifa kukilinda na maji ya chumvi. Aliye na upungufu wa kimeng'enya hicho aweza kuishi miaka mingi asijue neno. Siku moja akitumia kitu fulani, chembe zake huvunjika kwa ghafula: mkojo hugeuka mweusi, macho huwa manjano, na nguvu humwisha katika siku chache.

Upungufu huu huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa asili yake imo katika ile sehemu ya urithi ambayo mwanamume hupewa moja tu, na mamaye. Katika Oman, ambako watu wengi wa Pwani wana jamaa, uchunguzi umeonyesha kwamba karibu mwanamume mmoja katika kila wanne anao. Katika Pwani ya Kenya nako si jambo geni.

Vitu viwezavyo kuivunja damu ya mtu kama huyo ni vingi, lakini vichache vyatosha kukumbukwa. Kwanza, dawa: primakwini, na dapsoni. Mwaka 2008 dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa klorproguanili na dapsoni, ambayo ilikuwa imeanza kutumika katika Afrika, iliondolewa kwa sababu ilivunja damu za wenye upungufu huu. Pili, vile vidonge vyeupe vya nafthalini viwekwavyo masandukuni kufukuza nondo; nguo ya mtoto mchanga iliyotoka katika sanduku hilo isivaliwe kabla ya kufuliwa na kuanikwa vizuri. Tatu, yale maharagwe makubwa ya Kiarabu yaitwayo ful.

La nne litawashangaza wengi, nalo ni hina. Kwa watu wengi hina ni pambo lisilo na madhara. Lakini mwaka 2001 madaktari katika Falme za Kiarabu walieleza habari za watu wenye upungufu wa G6PD ambao, baada ya kupakwa hina mwilini, damu zao zilivunjika hata wakawa katika hatari ya kufa. Rangi ya hina hupenya katika ngozi, hasa ngozi laini ya mtoto. Basi hakuna asemaye kwamba bibi arusi wa Lamu asipakwe hina. Linalosemwa ni kwamba mtoto mchanga asipakwe, na nyumba yenye mtu mwenye upungufu huu ijihadhari.

ASKARI WANAOKOSEA

Mvunjaji wa tatu ni askari wa mwili wenyewe, wale waitwao kingamwili. Kazi yao ni kushambulia vijidudu, lakini mara nyingine hukosea na kuzishambulia chembe nyekundu za mwenyewe. Huenda ikawa baada ya ugonjwa fulani, au kwa sababu ya dawa, au bila sababu ijulikanayo. Vivyo hivyo mgonjwa akitiwa damu isiyopatana na yake, askari huivunja damu ile ngeni. Ndiyo maana damu haitolewi kwa mgonjwa kabla ya kulinganishwa.

Tena mama ambaye damu yake haina alama ya Rhesus, akichukua mimba ya mtoto aliye nayo, aweza kuunda askari watakaoivunja damu ya mtoto wa mimba zitakazofuata. Kuna sindano ya kuzuia jambo hilo, lakini hudungwa kwa yule tu aliyepimwa akajulikana. Na kwa kila mtoto mchanga, macho na ngozi vikiwa manjano katika saa 24 za kwanza, hilo si jambo la kungojea jua la asubuhi. Rangi ile ya manjano ikizidi huingia katika ubongo na kumwachia mtoto kilema cha maisha. Apelekwe hospitali mara moja.

ALAMA ZA KUTAZAMA NYUMBANI

Chombo kikivunjika baharini, mbao zake huelea mpaka ufuoni. Vivyo hivyo chembe nyingi zikivunjika, mabaki yake huonekana. Hemoglobini iliyovunjwa hugeuka kuwa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, na hiyo ndiyo itiayo macho umanjano. Hemoglobini ikimwagika ovyo ndani ya mishipa, figo huitoa, na mkojo huwa mwekundu wa giza au mweusi. Wengu, kwa kazi nyingi, huvimba upande wa kushoto chini ya mbavu.

Kuna njia nyepesi ya kutofautisha. Macho manjano pamoja na kinyesi kilichopauka kama chokaa huashiria njia ya nyongo iliyozibwa au ini lililo gonjwa. Macho manjano pamoja na viganja vyeupe, ilhali kinyesi kina rangi yake ya kawaida au kimezidi kuwa cheusi, humfanya tabibu afikiri juu ya damu inayovunjika. Njia hii haitoshi kumaliza neno, lakini yatosha kumfanya mtu asafiri.

JINSI TABIBU APATAVYO UKWELI

Na uwekwe mfano, usio wa mtu fulani. Mama wa Kizingitini ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Kwa miezi minne amekuwa akimpa dawa ya maji ya kuongeza damu aliyoinunua dukani. Mtoto hupata nafuu siku mbili, kisha hupauka tena. Bibi yake asema ni safura. Jirani asema ni jicho. Siku moja mama aona macho ya mtoto yamekuwa manjano. Maji yakijaa apanda boti pamoja na mama mkwe wake mpaka Lamu mjini, wafika hospitali.

"Shikamoo, mama," tabibu amwamkia yule bibi, kisha amgeukia mzazi. "Mtoto amepungukiwa na damu. Je, aliwahi kuvimba vidole?"

"Alivimba, daktari, alipokuwa wa miezi saba. Tukamkanda kwa mafuta."

"Na katika ukoo, yuko mtoto aliyekuwa akilia mifupa, au aliyefariki mdogo?"

Mama anyamaza. Bibi ndiye ajibuye, "Yuko, mwanangu. Mjomba wake. Hatukujua alikuwa na nini."

Maswali hayo si mazungumzo ya kupitisha wakati. Ndiyo kipimo cha kwanza, tena hakina gharama. Baada yake tabibu hutafuta majibu ya mambo manne, mmoja baada ya jingine.

La kwanza: je, bandari imepungukiwa kweli? Hupimwa kiasi cha hemoglobini. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, ikiwa chini ya gramu 11 katika kila desilita, damu imepungua. Macho na viganja humsaidia tabibu, lakini havitoshi.

La pili: je, mafundi wanafanya kazi? Chembe changa, zilizotoka katika uboho karibuni, hutambulikana zikitiwa rangi maalumu, kama mashua mpya inukayo mbao mbichi. Kwa kawaida ni kama 1 au 2 katika kila chembe 100. Mtu aliyekosa madini ya chuma huwa na chembe changa chache, kwa sababu mafundi wamekaa bure. Lakini zikiwa nyingi, na damu bado ni haba, maana yake mafundi wanajitahidi na vyombo vinapotea. Kipimo hiki kimoja ndicho kitenganishacho safura na safura.

La tatu: je, mbao zilizovunjika zinaonekana? Hupimwa bilirubini katika damu, na mkojo huchunguzwa. Penye maabara kubwa hupimwa pia haptoglobini, ambayo ni mfano wa wachukuzi wa ufuoni waokotao hemoglobini iliyomwagika. Kazi ikiwazidi, wachukuzi hao hutoweka katika damu.

La nne: ni nani avunjaye? Hapo tone la damu hutandazwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini, kwa maana umbo la chembe husema mengi. Vidudu vya malaria huonekana. Chembe zilizopinda kama mundu huonekana. Kipimo cha selimundu siku hizi chaweza kufanywa kwa tone moja la damu juu ya kikaratasi, na jibu hupatikana kwa dakika chache. Kisha huthibitishwa kwa kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Kipo kipimo cha G6PD. Na kipo kipimo cha Coombs, kilichobuniwa huko Cambridge mwaka 1945, ambacho huonyesha kama askari wa mwili wamezishika chembe.

MAKOSA MATATU YA KUEPUKWA

Kosa la kwanza ni kuridhika na jibu la malaria. Mtoto akikutwa na malaria, haina maana kwamba hana selimundu; aweza kuwa na yote mawili. Malaria ikitibiwa na damu ikaendelea kupungua, utafutaji usikome.

Kosa la pili ni kupima selimundu baada ya kuongezwa damu. Damu iliyotiwa ni ya mtu mwingine, nayo yaweza kuficha ukweli. Ikiwezekana, tone la kupima litolewe kabla ya chupa kutundikwa. Kama haikuwezekana, mzazi arudi baada ya miezi 3.

Kosa la tatu linafanana nalo. Kipimo cha G6PD kikifanywa wakati damu inavunjika, chaweza kusema hakuna upungufu, kwa sababu chembe kuukuu zilizokuwa dhaifu zimekwisha kuvunjika na waliobaki ni vijana. Nacho kirudiwe baada ya miezi 3 hivi.

Yule mtoto wa Kizingitini alikutwa na chembe changa nyingi, bilirubini iliyozidi, na selimundu. Ile dawa ya chuma haikuwa na la kumfaa, kwa kuwa chuma hakikupungua mwilini mwake. Alihitaji vidonge vya foliki ili mafundi wapate mbao, penisilini kila siku mpaka afikishe miaka 5, chanjo zote pamoja na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, chandarua, na maji mengi ya kunywa. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda, na hapa Kenya katika Kilifi, na matokeo yaliyotangazwa Desemba 2018 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezwa damu ilipungua, na vifo pia. Dawa hiyo hutolewa na daktari na hutaka kupimwa damu mara kwa mara.

Tena mama alifundishwa mambo ambayo hayangojei maji kujaa: homa yoyote kali, kupauka kwa ghafula na tumbo kuvimba upande wa kushoto, kifua kuuma na pumzi kubana, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Akiona mojawapo, aanze safari saa ile ile, kusi livume au kaskazi.

KABLA YA POSA

Limebaki neno la mwisho, nalo ni la nyumba. Katika visiwa hivi ni desturi ya zamani mtu kumwoa mtoto wa ami yake au wa jamaa wa karibu, na desturi hiyo ina faida zake katika kushikana kwa koo. Hakuna asemaye iachwe. Lakini jamaa wa damu moja huweza kubeba asili moja bila kujua. Wachukuzi wawili wa selimundu wakioana, katika kila mimba kuna sehemu 1 katika 4 kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, sehemu 2 kwamba atakuwa mchukuzi kama wazazi wake, na sehemu 1 kwamba hatakuwa na asili hiyo kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Aliyekwisha kuzaa mgonjwa mmoja hakuahidiwa watatu wazima. Tena mtoto hawi mgonjwa ila amepokea kwa baba na kwa mama. Basi mume amlaumuye mkewe kwa "damu mbaya ya kwao" hujilaumu mwenyewe bila kujua.

Wazee huuliza habari za nasaba kabla ya kukubali posa. Kuuliza habari za damu ni sehemu ya nasaba hiyo hiyo. Vijana wawili wakipimwa mapema, watajua. Na wakijua, wataamua wenyewe kwa akili iliyotulia, na mtoto wao, akizaliwa na ugonjwa, atapimwa katika miezi ya kwanza asingoje mpaka macho yawe manjano. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua.

Huko Kilifi, kati ya mwaka 2006 na 2009, watoto wachanga zaidi ya 15,000 walipimwa, na zaidi ya 100 kati yao walikutwa na selimundu. Kila mmoja wa wale alikuwa na mama ambaye, bila kipimo kile, angeambiwa tu kwamba mwanawe ana damu haba. Mama wa Pate, wa Siyu, wa Faza, wa Ndau na wa Kiwayu hapungukiwi na akili wala na mapenzi kuliko mama wa Kilifi. Basi ashike lile swali moja, alichukue pamoja na kadi ya mtoto, na aliulize bila haya mbele ya kila tabibu: "Imepungua kwa sababu gani?"